Stauti ya chokoleti imeharibikia wapi? Tafuta kosa kuanzia kwenye gilasi

Stauti ya chokoleti, yaani bia nyeusi yenye ladha ya chokoleti, ikirudishwa kaunta, usianze kumlaumu aliyeitengeneza. Nyingi ya zile tunazouza katika hoteli za Unguja, za makopo na chupa kutoka viwanda vidogo vya nje, zimepanda meli, zimekaa bandarini, zimelala stoo, zimeingia kwenye friji linalofunguliwa usiku kucha, kisha zimemiminwa katika gilasi iliyofutwa kwa kitambaa cha jikoni. Kila kituo kina uwezo wa kuiharibu. Vijana wa baa ninawafundisha kurudi nyuma hatua kwa hatua: gilasi, baridi, bomba, stoo, safari, na kiwanda kiwe cha mwisho kabisa. Anayeanza na kiwanda humwaga bia nzima, akafungua nyingine na kuitia katika gilasi ile ile chafu.

Kabla hujaonja

Onjea mahali pasipo na udi. Hoteli nyingi, hasa za Mji Mkongwe, hufukiza udi au ubani mapokezi jioni, na moshi unafika hadi kaunta. Pua ikishajaa udi, kakao haipati nafasi. Manukato ya mkononi, dawa ya mbu, moshi wa mishikaki, hata asumini iliyopangwa mezani, vyote hivyo utavisikia ndani ya gilasi na kudhani ni vya bia. Toka nje penye upepo, pumua kidogo, kisha nusa kiwiko chako mwenyewe kisichopakwa kitu. Pua hurudi sawa upesi kwa harufu ya mwili wake iliyoizoea.

Mdomo nao unahitaji kutulia. Aliyetoka kunywa kahawa chungu barazani au kula urojo wenye pilipili asionje kwa nusu saa. Maji matupu na kipande cha bofulo kisichopakwa kitu vinatosha kusafisha ulimi.

Wenzetu wengi wa kaunta hawanywi pombe, na sitaki hata mmoja ajione hafai kazi hii kwa ajili hiyo. Makosa mengi nitakayoyaeleza hujulikana kwa jicho na pua tu. Vijana waliokulia Pemba, kwenye majamvi ya kuanikia karafuu, wana pua ambayo mtu wa Ulaya hulipia kozi ili aipate. Mpe mmoja wao gilasi mbili azinuse na umwache aseme kinachozitofautisha. Atakachosema kiandike.

"Mbona haina chokoleti?"

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na sababu yake ya kwanza ni baridi. Friji la baa limewekwa kwa ajili ya lager, bia nyepesi za kawaida, kwenye nyuzi 3 au 4. Stauti ikitoka humo, harufu imefungwa na utamu umelala. Ulimi unapata uchungu na gesi tu. Ishike gilasi kwa viganja viwili kwa dakika chache, izungushe taratibu, nusa tena. Chokoleti ikijitokeza, umeshapata jibu. Stauti ya aina hii inasema vizuri kati ya nyuzi 10 na 13. Kwa kuwa ufukweni Nungwi au Paje hewa yenyewe inapita nyuzi 30 msimu wa kaskazi, mimi huitoa ikiwa na 7 au 8 na kuiacha ipande yenyewe mezani. Mgeni akitaka ya barafu mpe, ni haki yake, lakini mwambie atakachokosa.

Ikiwa imepata joto na chokoleti bado haipo, soma lebo. Ladha hiyo huingia kwenye bia kwa njia tatu tofauti, na kila moja hukosekana kwa namna yake.

Njia ya kwanza, na ya kale zaidi, haina kakao hata kidogo. Shayiri huoteshwa ikawa kimea, kisha hukaangwa hadi ikawa na rangi ya kahawia iliyokolea, na ukaangaji huo ndio unaozaa harufu za chokoleti, kahawa na mkate uliobanikwa. Tangu Mwingereza Daniel Wheeler apate hataza ya mtambo wake wa kukaangia kimea mwaka 1817, watengenezaji wa bia nyeusi wamekuwa na nafaka ya namna hii mikononi. Hadi leo kuna kimea kinachouzwa kwa jina la kimea cha chokoleti, kwa rangi yake na harufu yake. Brooklyn Black Chocolate Stout ya New York, iliyoanza kupikwa mwaka 1994, haitiwi chokoleti. Yote ni kazi ya kimea, na pombe yake ni kama asilimia 10. Mgeni anayetarajia ladha ya pipi ya chokoleti katika bia kama hiyo atarudi analalamika, na bia haina kosa.

Njia ya pili ni kutia kakao au chokoleti yenyewe juu ya kimea. Young's Double Chocolate Stout ya Uingereza imeitwa hivyo kwa sababu ina vyote viwili, kimea cha chokoleti na chokoleti. Wengine huloweka punje za kakao zilizokaangwa na kupondwa katika bia iliyokwisha kuchachuka, mara nyingi pamoja na vanila. Harufu hii ni laini na ndiyo ya kwanza kuondoka bia ikizeeka. Ukikuta lebo imeahidi kakao na vanila, na gilasi inatoa kahawa na mkate tu, tazama tarehe kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya joto hapo chini.

Njia ya tatu ni arki ya kutia harufu. Dalili yake ni kwamba chokoleti inajaa puani kwa nguvu, ukimeza haipo, na nyuma yake hubaki utamu wa pipi. Bia haijaharibika, lakini katika kutoa alama mimi huipunguzia, kwa sababu pua imeahidi kitu ambacho mdomo haukukipata.

Kuna jambo moja zaidi hapa ambalo linawachanganya hata waonjaji wazuri. Chokoleti tunayoijua ina sukari. Kakao yenyewe ni chungu. Ndani ya bia, hamira imeshakula sehemu kubwa ya sukari, kwa hiyo kinachobaki ni kakao bila mwenzake. Ndiyo maana stauti nyingi za chokoleti hutiwa laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila. Uliza au soma: ina laktosi au haina? Ikiwa haina, ukavu wa mwisho wa kinywa ni tabia yake. Dawa ni kumuuliza mgeni kabla hujafungua chupa kama anapenda bia kavu au yenye utamu.

Povu limekufa

Stauti nzuri ina povu la rangi ya kahawia au ya maziwa yenye kahawa, na linapotelemka linaacha mistari ubavuni mwa gilasi. Likifa ndani ya nusu dakika, lawama ya kwanza ni mafuta. Kakao ina mafuta yake, karibu nusu ya uzito wa punje, na bia iliyolowekewa kakao nyingi inaweza kuwa na povu dogo tangu kiwandani. Lakini mara nyingi mafuta ni yetu: gilasi zimeoshwa katika beseni moja na sahani za pweza wa nazi, zimefutwa kwa kitambaa kilichoshika samli, au zina rangi ya mdomo ukingoni.

Jaribio lake ni jepesi. Lowesha gilasi tupu, mwaga maji, kisha nyunyiza chumvi laini ndani. Gilasi safi hushika chumvi sawasawa pande zote; penye mafuta chumvi haishiki. Ukiona mabaka, osha upya kwa sabuni isiyo na mafuta, suuza sana, na uiache ikauke yenyewe kichwa chini juu ya waya. Usiifute. Ukanda wa mashariki, ambako visima vingi vina maji ya chumvichumvi, suuza la mwisho liwe la maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo gilasi hubaki na utando na bia inapata ladha ambayo hakuna aliyeitia.

Makopo yenye naitrojeni yana kanuni yake. Tangu Guinness iweke kidude cha plastiki ndani ya kopo mwaka 1988, wengine wamefuata, na povu lake zito hutokana na kidude hicho kuachia gesi ghafla kopo linapofunguliwa. Kopo hilo lazima lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa, na limiminwe lote mara moja. Ukilifungua likiwa na joto litamwagika; ukilimimina kidogo kidogo povu halitakuja.

"Ni kali"

Neno hili pekee halitoshi kutibu kitu. Muulize anayelalamika: unausikia wapi mdomoni, na unakaa muda gani?

Ukikaa nyuma ya ulimi na kuleta harufu ya majivu au kahawa iliyoungua, ni uchungu wa ukaangaji. Kiasi chake ni halali katika stauti. Ukizidi hata baada ya bia kupata joto, kimea cheusi kilitiwa kingi, na hakuna unachoweza kurekebisha kaunta. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kuipa bia uchungu, hupungua chupa inavyokaa, kwa hiyo bia chungu kupita kiasi mara nyingi ilitoka hivyo kiwandani.

Ukiwa ubavuni mwa ulimi na mate yakajaa, ni ugwadu. Kimea kilichokaangwa huleta ugwadu mdogo wa kawaida. Siki au maziwa yaliyoganda ni jambo jingine: bakteria wameingia. Fungua chupa au kopo la bia hiyo hiyo uweke pembeni ya gilasi iliyotoka bombani. Chupa ikiwa nzima na ya bombani imechachuka, mtuhumiwa wako wa kwanza ni mipira yako ya bia, ile inayoipitisha kutoka pipani hadi bombani. Vinzi vidogo vya matunda vinavyozunguka mdomo wa bomba ni ushahidi zaidi, maana ndivyo vinavyobeba bakteria wa siki.

Hapa nitasema kwa mkazo, kwa sababu nimeona hoteli zinazobadilisha shuka kila asubuhi na kusahau mipira ya bia msimu mzima. Mipira ioshwe kila baada ya siku 14 kwa dawa ya alkali ya kiasi cha asilimia 2, izungushwe ndani kwa dakika 15, kisha isuuzwe hadi karatasi ya kupimia ioneshe kuwa maji yanayotoka hayana dawa. Mdomo wa bomba ufunguliwe na kusuguliwa kwa brashi. Kila miezi mitatu ipite dawa ya asidi kuondoa ukoga wa mawe. Anayefanya kazi hii avae glavu na miwani, na bomba lifungwe kwa alama ili mtu asije kummiminia mgeni dawa.

Ukiwa ni ukavu unaokwaruza fizi na mashavu kama umekula zambarau, huo ni ukakasi. Unatoka kwenye tanini za maganda ya nafaka yaliyosuuzwa kwa maji ya moto kupita kiasi, au maganda ya kakao. Ni kosa la kiwandani.

Na ukiwa ni moto unaoshuka kooni, angalia kiwango cha pombe. Stauti ya asilimia 10 haimiminwi katika gilasi ya nusu lita. Ipewe gilasi ndogo iliyobana juu. Moto huo huo katika bia ya asilimia 5 maana yake ni kwamba ilichachushwa katika joto kubwa mno.

Harufu ambazo hazikualikwa

*Karafuu.* Mzanzibari hahitaji kufundishwa hii. Lebo ikitaja viungo, sawa. Isipotaja, jua kwamba hamira za aina fulani hutengeneza zenyewe kemikali ya ukoo mmoja na yujenoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu. Katika stauti ya chokoleti hamira hiyo kwa kawaida ni ya msituni, imejipenyeza. Angalia kama bia pia ni nyepesi kuliko inavyopaswa, na gesi imezidi. Vyote vitatu vikikutana, ondoa kreti nzima stoo, kwa sababu hamira hiyo inaendelea kula sukari ndani ya chupa na shinikizo linaongezeka. Chupa inaweza kupasuka mkononi mwa mtu.

*Samli.* Ni diasetili, kemikali yenye harufu ya siagi, na ni hatari hasa kwa bia hii, kwa sababu ikiwa ndogo inajifanya chokoleti ya maziwa au tofi na mwonjaji anaipa alama za juu. Funika gilasi kwa kisahani, iache ipate joto, kisha fungua na unuse mara moja. Samli itatangulia. Ulimini utahisi utelezi. Ikiwa kila chupa ya toleo hilo ina samli, kosa ni la kiwandani. Ikiwa ni ya bombani tu, rudi kwenye mipira.

*Plasta ya kidonda au dawa ya hospitali.* Klorini. Anza na beseni la kuoshea gilasi kabla ya kitu kingine. Suuza gilasi mpya kwa maji ya kunywa ya chupa, mimina tena, nusa. Katika baa zetu mara nyingi harufu huishia hapo.

*Chuma au damu.* Tia tone nyuma ya mkono, sugua, nusa. Chuma hujitokeza wazi. Hewa ya bahari hupandisha kutu vizibo vilivyokaa karibu na ufukwe, na kutu hiyo hubaki mdomoni mwa chupa. Ifute kwa kitambaa safi kabla ya kumimina.

Sosi ya soya, zabibu kavu, boksi lililoloa

Hili ni kosa la joto na muda, na kwa visiwa vyetu naliona kubwa kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja.

Oksijeni kidogo iliyobaki ndani ya chupa hufanya kazi yake taratibu. Katika lager matokeo hunuka boksi lililoloa maji. Stauti hufika kwa njia nyingine: kwanza kakao na vanila hufifia, halafu huja zabibu kavu na tende, mwisho sosi ya soya, yenye uchumvi na ladha kidogo ya nyama. Hamira iliyokufa ndani ya chupa huongeza ladha hiyo ya nyama. Katika stauti nzito ya asilimia 10, tende na zabibu kidogo ni sifa, na wapo wanaoihifadhi miaka kwa kusudi hilo. Katika ya asilimia 5, ni uzee tu.

Watu wa bia wana kanuni ya kukadiria: siku 3 katika nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 katika nyuzi 22, au siku 300 katika nyuzi 3. Sasa fikiria stoo ya mabati Januari, mlango umefungwa, kaskazi inavuma nje na haiingii. Bia iliyokaa humo mwezi mmoja ina umri ambao tarehe ya kwenye kopo haiuoneshi.

Halafu kuna masika. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hufunga au hubaki na wageni wachache, na ili kupunguza gharama za umeme friji huzimwa huku bia zikiwa ndani. Juni friji zinawashwa, bia zinapoa, zinaonekana mpya. Mwezi wa Ramadhani nao biashara ya vinywaji hupungua, na pipa lililofunguliwa linabaki limekaa. Hesabu vipindi hivi unapoagiza. Agiza kidogo kabla ya masika, na kinachobaki kikusanywe katika friji moja linalowaka badala ya matano yaliyozimwa. Tarehe ya kuingia stoo iandikwe kwa kalamu nzito juu ya kila kreti, ya zamani itoke kwanza, na nyepesi zipewe nafasi ya friji kabla ya nzito.

Umeme ukikatika, friji lisifunguliwe. Waliokuwepo Unguja katika ile miezi ya giza, Desemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka jenereta ilivyogawiwa: taa, maji na chakula kwanza, bia baadaye, na ndivyo inavyopaswa. Usiogope sana bia iliyopoa, ikapata joto, ikapozwa tena. Kinachohesabika ni jumla ya saa za joto, na usiku mmoja wa nyuzi 27 haujamaliza kitu.

Inafoka ikifunguliwa

Iweke nyingine wima katika friji siku nzima kisha ufungue. Ikitulia, ilikuwa joto au mtikisiko wa safari. Ikifoka tena, nusa karafuu na siki, na ufuate niliyoyasema juu ya hamira ya msituni.

Kutoa alama

Alama zinakuja baada ya yote haya, ukiwa na gilasi safi, nyuzi 10, na bia ambayo historia yake unaijua. Mimi hutumia mgawanyo wa BJCP, mpango wa kufundisha majaji wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985. Jumla ni 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, mwili wa bia mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Tazama ilivyo ndogo sehemu ya sura. Weusi na povu la kupendeza kwenye picha havibebi bia mbaya.

Katika ladha, jiulize kama chokoleti na bia vinasikika pamoja. Kakao ikifunika kimea hadi usijue unakunywa bia, punguza. Ikiwa huna hakika kama chupa mbili za bia moja zinatofautiana, mwombe mwenzako amimine gilasi tatu bila wewe kuona, mbili kutoka chupa moja na ya tatu kutoka nyingine, na utafute iliyo peke yake. Ukishindwa kuipata zaidi ya mara moja, tofauti uliyodhani ipo haina uzito wa kumpelekea msambazaji.

Ukiipata, mpelekee. Piga picha ya namba ya toleo na tarehe chini ya kopo, andika siku bia ilipoingia stoo, nyuzi za friji, kama ilitoka chupani au bombani, na dalili kwa maneno ya kawaida: samli, karafuu, siki, sosi ya soya. Ongeza kwamba gilasi na mipira imekaguliwa na lini. Bakiza makopo mawili ya toleo hilo bila kufunguliwa, kwenye baridi, hadi jibu lirudi.